Stendi ya GPS ya Gari Dogo, ya Kujitengenezea: Mahali Kwanza, Msumeno Baadaye

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunatengeneza stendi ya kushikia simu au GPS ndani ya gari dogo. Tutatumia bapa la alumini, vipande viwili vya plaiwudi na tyubu kuukuu ya baiskeli. Lakini msumeno uwekeni pembeni kwanza, hatukati chochote kwa sasa. Watu wengi wanatengeneza stendi nzuri kabisa, kisha ndipo wanaanza kuhangaika wapi pa kuiweka. Kwenye gari dogo dashibodi ni fupi, kioo kiko karibu na uso, na swichi zimebanana. Tukishapata mahali, mahali hapo ndipo patakapotuambia stendi iwe na umbo gani.

Kaa kwenye kiti cha dereva. Rekebisha kiti na vioo kama unavyoendesha siku zote, kisha funga mkanda. Mkanda ni muhimu hapa, maana bila mkanda unajikuta unainama mbele bila kujua, na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Hapa nina kadibodi niliyoikata kwa ukubwa wa simu yangu pamoja na kava lake. Nyuma nimebandika ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi, unaobanduka bila kuacha alama. Hii ndiyo simu yetu kwa sasa. Tunaibandika hapa, tunaihamishia pale, tunaangalia.

Cha kwanza, mifuko ya hewa. Tazama dashibodi mbele ya abiria, utaona maandishi SRS AIRBAG. Kuna gari ambazo maandishi hayo yapo pia kwenye nguzo za pembeni ya kioo cha mbele. Mfuko ukifumuka unajaa kabla hujapepesa jicho, na chochote kilichokaa juu ya kifuniko chake kinarushwa kwa nguvu kuelekea kwa watu. Kwa hiyo sehemu hizo zote, pamoja na usukani, tunazifuta kwenye hesabu. Hata kama ndizo zinazopendeza zaidi. Hapa hakuna mjadala.

Cha pili, macho. Tazama barabara kama unavyoitazama ukiendesha. Kuna mstari ambapo boneti au ukingo wa dashibodi unakata picha ya barabara. Juu ya mstari huo ni mali ya barabara. Simu inakaa chini yake. Najua wengi wanapenda kuiweka juu katikati ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na kweli kusoma ramani hapo ni rahisi. Lakini kile kipande cha kioo kinaweza kumficha mtu mzima anayevuka njia panda. Sheria za nchi nyingi pia zinakataza kuziba mbele ya dereva, na hazifanani, kwa hiyo angalia za kwako.

Isiwe chini sana vilevile. Ukiiweka karibu na gia, kila ukitaka kuona kona inayofuata unashusha kichwa chote. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Ukishusha macho sekunde mbili, umeshapita mita 33 bila kuziona. Tunatafuta mahali ambapo jicho linashuka kidogo tu, kichwa kikibaki palepale.

Sasa ondoa kadibodi mahali ulipoibandika, iweke pengine, jaribu tena. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, uone kama vidole vinagonga. Ingiza gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma. Nyosha mkono ubonyeze swichi ya taa za dharura. Kwenye magari madogo mengi swichi hiyo iko katikati ya dashibodi, palepale panapovutia kuweka stendi, na siku utakayoihitaji hutakuwa na muda wa kupapasa nyuma ya simu.

Vipi kuhusu matundu ya hewa? Ubaridi wa kiyoyozi unaisaidia simu, hilo ni kweli. Lakini vile vibapa vya plastiki ni vyembamba, na uzito wa simu ukitikiswa barabara mbovu unavivunja kimojakimoja. Ukiwasha hita, simu inaokwa. Mimi napenda simu ikae jirani na tundu la hewa bila kulining'inia, iguswe na upepo tu.

Kwenye gari hili nimefika hapa: katikati ya dashibodi, imesogea kidogo upande wa dereva, juu ya redio, kwenye kile kisahani kifupi ambacho watu huwekea sarafu. Simu italala kwa ubavu, maana ikisimama wima inavuka mstari wa boneti. Ramani ya wima inaonyesha barabara ndefu zaidi mbele, ndiyo, lakini kwenye gari dogo siwezi kuuza sehemu ya kioo kwa ajili hiyo.

Kabla ya kuendelea, weka simu halisi hapo, washa ramani, usubiri kidogo gari likiwa limesimama mahali pa wazi. Simu inasikiliza setilaiti zilizoko kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na inahitaji kusikia angalau nne ili ijue ilipo. Mawimbi hayo yakifika chini ni dhaifu sana. Kioo cha kawaida hakiyazuii, ila kuna vioo vya mbele vilivyopakwa utando mwembamba wa metali ili kupunguza joto la jua, na utando huo unayapunguza. Ukiona alama yako inarukaruka hadi mtaa wa pili, toka nje na simu uone kama inatulia. Ikitulia, shida ni kioo. Vioo vya namna hiyo mara nyingi vina sehemu isiyopakwa karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Hatuweki simu pale, lakini unaweza kusogeza stendi kidogo kidogo mpaka mapokezi yawe mazuri.

Haya, tuje kwenye vifaa. Kwa nini alumini? Kwa sababu ya joto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za joto kali: baada ya saa moja, dashibodi zilikuwa na wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Plastiki ya PLA inayotumika sana kwenye printa za pande tatu huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Bomba la PVC, ambalo ni tamu sana kulifinyanga kwa moto, nalo halistahimili zaidi sana ya hapo. Gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bastola ndiyo kabisa, usiilete. Alumini haijali joto hilo, inakunjika kwa mkono, na haina usumaku, kwa hiyo dira ya simu haichanganyikiwi.

Bapa langu lina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 2. La milimita 3 litakusumbua kulikunja nyumbani. Plaiwudi ni ya milimita 6.

Tunaanza na ubao wa mgongo, ule utakaoegemewa na simu: milimita 110 kwa 65. Kata, pitisha msasa kwenye kingo, basi.

Kisha kulabu mbili za kubebea simu kwa chini. Hapa tulia kidogo. Simu ikilala kwa ubavu, upande mrefu ndio unaokaa kwenye kulabu, na upande huo mara nyingi una vitufe vya sauti au cha kuwashia. Kulabu ikikaa chini ya kitufe, simu itazima au itapiga picha za skrini safari nzima. Chukua ile kadibodi, chora mahali pa kila kitufe, kisha chagua nafasi za kulabu kati yake. Au igeuze simu, upande usio na vitufe uwe chini.

Simu yangu na kava lake ina unene wa milimita 10. Naongeza milimita 3 za raba na nafasi ya kupumua, inakuwa 13. Kulabu moja basi ni hivi: milimita 55 za kulala kwenye ubao, 13 za kwenda mbele, 8 za kupanda juu kama mdomo. Jumla 76. Nakata 80, ziada nitaimaliza kwa tupa.

Toboa kabla ya kukunja, wakati bapa bado limenyooka. Gonga alama kwanza kwa msumari na nyundo, la sivyo ncha ya drili itateleza na kuchora mstari usioutaka. Matundu mawili kila kulabu, ya milimita 4, ya kuifungia kwenye ubao.

Sasa tunakunja. Banisha bapa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, chuma kisiachiwe alama za meno. Anza na ule mdomo mdogo wa milimita 8. Ukianza na kona kubwa, mdomo hautapata pa kushikwa. Sukuma kwa kidole gumba huku ukigonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Kona isiwe kali kama ya sanduku, iache iwe na duara kidogo. Na ukikosea pembe, rekebisha mara moja, sio mara nne. Alumini inayokunjwa na kukunjuliwa papo hapo inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Ukiona mistari midogo kwenye kona, kata nyingine.

Piga tupa kingo zote mpaka upitishe kidole bila hofu. Hiki kitu kiko mbele ya watu.

Mguu: bapa la milimita 170. Milimita 70 zinalala kwenye kitako, yaani kile kipande cha pili cha plaiwudi kitakachokaa kwenye dashibodi, 100 zinapanda. Usiukunje nyuzi 90 kamili. Ulaze nyuma kidogo, kuelekea kioo cha mbele, ili skrini ikutazame machoni. Ukiulaza mno, skrini inapokea anga lote mchana, na usiku mwanga wake unajionyesha kwenye kioo cha mbele. Kwa hiyo kunja kidogo, ingia garini, tazama, toka, ongeza. Hatua hii inachosha lakini ndiyo stendi yenyewe.

Mguu na ubao wa mgongo vinaungana kwa bolti moja ya milimita 5 yenye kichwa bapa, kilichozamishwa ndani ya plaiwudi kisikwaruze simu. Nyuma weka washa ya raba, kisha nati yenye masikio. Nati hiyo unaikaza kwa vidole, na ukitaka kugeuza simu unailegeza kidogo.

Kitako tunakikata kwa kufuata kisahani cha dashibodi. Bana karatasi ndani ya kisahani, pitisha kidole kwenye kingo mpaka mkunjo uonekane, kata, hamishia kwenye plaiwudi. Punguza milimita 2 kila upande, kwa sababu tunakizungushia raba ya tyubu. Kikiingia kwa kubana bila kulazimishwa, gundi haihitajiki. Vichwa vya bolti za chini, zile zinazoshika mguu kwenye kitako, vizamishe pia.

Gari lako halina kisahani? Basi utepe wa pande mbili, ule mnene wa povu la akriliki. Futa dashibodi kwa spiriti kwanza, hasa kama huwa inapakwa mafuta ya kung'arisha. Juu ya mafuta hayo hakuna utepe unaoshika. Bonyeza kwa nguvu, halafu usitundike kitu kwa saa 24. Ukiweza kusubiri saa 72, ndipo utepe unafika nguvu yake kamili.

Bandika raba ya tyubu ndani ya kulabu na juu ya ubao. Kisha kata pete mbili za tyubu, upana wa milimita 10, uzivishe simu na ubao pamoja, moja kila mwisho. Zikae pembeni kabisa ya skrini. Kama simu yako ni kubwa, tyubu ya pikipiki inakubali zaidi.

Jaribio la kwanza usilifanye na simu. Kata kipande cha mbao chenye uzito unaokaribia, gramu 200 hivi, kifunge kwenye stendi na uendeshe barabara yenye matuta. Funga breki kwa nguvu mahali pasipo na gari nyuma yako. Kikibaki, weka simu. Kikiruka, angalia pete kwanza, halafu nati. Stendi ikitetemeka tu bila kuachia, mguu ni mrefu mno. Punguza milimita 20.

Waya wa chaji upitishe pembeni ya redio, uushike kwa vipande vya utepe, uache kitanzi kidogo nyuma ya simu. Usikatishe mbele ya gia, na usining'inie kuelekea pedali. Jaribu na usiku pia: punguza mwanga wa skrini, weka ramani ya rangi za giza, angalia kama kuna kivuli kwenye kioo. Kikiwepo, inamisha mguu kidogo kuelekea kwako.

Ukiegesha juani, stendi ibaki, simu toka nayo. Apple, kwa mfano, wanasema iPhone itumike kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 35, na hapo juu ya dashibodi tumeshaona nyuzi ngapi zinafika.

Na waliotumia utepe, siku ya kuutoa usiung'oe kwa bisibisi. Upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha uzi wa kuvulia samaki chini yake, uvute huku na huku kama unakata. Mabaki yasugue kwa kidole gumba, yatajiviringa yenyewe na kutoka.