Vita vya Wanawake wa Igbo havikuwa "ghasia"

Ndugu zangu, habari za Maji Maji mnazijua, sizirudii. Ninataka neno moja tu: vita. Mjerumani aliandika "uasi", sisi tukasema vita. Sasa twendeni kusini-mashariki mwa Nigeria, mwaka 1929. Waigbo wanasema Ogu Umunwanyi, Vita vya Wanawake. Mwingereza akaandika "Ghasia za Aba", na mpaka leo kuna vitabu vinamfuata yeye.

Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu neno hilo linaficha sheria nzima. Wanawake wa Igbo walikuwa na utaratibu wa kumkalia mwanamume. Mtu akimtesa mkewe, akiacha ng'ombe wake wale mazao ya wanawake, akivunja kanuni za soko, jambo lake hujadiliwa kwanza kwenye mkutano wao. Wakikubaliana, wanakwenda kwake. Wanacheza, wanaimba makosa yake moja baada ya jingine, wanagonga kuta kwa michi ya kutwangia viazi vikuu. Akikaidi, wanakibomoa kibanda chake au kukipaka matope. Hawaondoki mpaka aombe radhi. Aliyewahi kuona msuto wa Pwani ataelewa upesi, ila msuto wetu ni wa jirani na jirani. Ule wa Igbo ni mahakama.

Sasa tazameni Oloko, mahali vita hivyo vilipoanzia. Mwaka 1926 wanaume walihesabiwa bila kuambiwa sababu. 1928 wakatozwa kodi. Kwa hiyo Novemba 1929 mjumbe wa chifu Okugo alipomtaka mwanamke aitwaye Nwanyeruwa ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake, mama huyo, aliyekuwa akikamua mawese, alimuuliza: mama yako naye alihesabiwa? Maana kuhesabiwa kulitangulia kodi. Wakakwidana. Makuti ya mchikichi yakapelekwa kijiji hadi kijiji, maana yake njooni. Okugo akakaliwa. Na huyu Okugo alikuwa chifu wa hati: Waigbo wengi hawakuwa na wafalme, Mwingereza akamwandikia mtu karatasi akamwita mtawala. Wanawake walidai avuliwe cheo na ashtakiwe, akafungwa miaka 2.

Walivyovaa pia kulikuwa na maana. Majivu au mkaa usoni, majani machanga ya kangaga kichwani, fimbo zilizozungushiwa makuti machanga. Hizo ni alama za vita, na makuti ni ya kuomba ulinzi wa mababu. Maafisa wa Kiingereza waliona kundi lililopagawa.

Mtu ataniambia: lakini walifungua magereza, walipora maduka Aba. Ndiyo, na walishambulia Mahakama za Wenyeji 16. Nani walikaa kwenye mahakama hizo? Machifu wa hati hao hao. Ni kile kile kibanda cha mkosaji kinachobomolewa, safari hii mkosaji akiwa ni serikali. Hakuna Mzungu hata mmoja aliyeuawa. Wanawake zaidi ya 50 walipigwa risasi wakafa, wengi wao katika mji wa Opobo, Desemba 16. Ukishaita jambo ghasia, risasi inakuwa njia ya kutuliza watu, na madai yao hayana mahali pa kuandikwa. Halafu hilo jina "Aba", la mji mmoja tu, linawafuta wanawake wa Ibibio, kabila jirani, waliosimama nao.

Ukiisoma ripoti ya tume ya serikali ya kikoloni iliyochunguza jambo hili, ya 1930, usiishie kwenye hitimisho. Nenda kwenye ushahidi wa wanawake wenyewe. Kila jibu uliza limepita kwa mkalimani gani, na swali liliulizwaje.

Muda unanikimbia. Tahajia "Ibo" ni ya ulimi wa Mzungu ulioshindwa gb, andikeni Igbo. Na mfano mwingine wa wageni kuwakosea Waigbo ni mji wao wa Igbo-Ukwu: mwaka 1938 mtu anachimba shimo la kuhifadhi maji nyumbani kwake, anakuta vyombo vya shaba. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw alipochimba baadaye, vipimo vikaonyesha karne ya 9 au ya 10. Wataalamu wakabisha kwamba ni mapema mno, wengine wakasema shaba lazima imetoka mbali, ng'ambo ya jangwa. Madini yalipochunguzwa, mengi yalilingana na ya machimbo ya Abakaliki na bonde la Benue, huko huko Nigeria.