Dripu ya Mafuta: Kasi Kwanza, Chupa Baadaye

Ndugu wauguzi, madaktari na wafamasia, habari za asubuhi. Leo ni ile dripu nyeupe kama maziwa, ya mafuta ya lishe yanayoingizwa kwenye mshipa, na nitashika kasi yake tu. Kiasi cha siku nzima wengi wetu tunakiandika sawasawa. Balaa huja pale kiasi hichohicho kinapoingia kwa saa chache.

Mafuta yakifika kwenye damu hayatumiki moja kwa moja. Kimeng'enya kilichopo kwenye kuta za mishipa midogo, lipoproteini lipesi, lazima kiyavunje kwanza, nacho kina ukomo wake. Ukikizidi, mafuta yanabaki yakizunguka: trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, zinapanda, mgonjwa anahema kwa shida, homa inamshika, ini linavimba, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zinashuka, na anaweza kuanza kutokwa damu. Kabla Arvid Wretlind wa Sweden hajatuletea Intralipid, dripu ya mafuta ya soya, mwaka 1962, Marekani walitumia mafuta ya mbegu za pamba, na yaliondolewa kwa madhara yake. Haya ya soya ni salama zaidi, lakini usalama huo una mwendo wake.

Tupige hesabu. Kwa mtu mzima nashika gramu 0.11 kwa kilo kwa saa. Ipo miongozo inayoruhusu zaidi kidogo. Kwa mgonjwa mahututi sioni haraka ya kwenda huko. Mwenye kilo 60 anapata gramu 6.6 kwa saa. Chupa ya asilimia 20 ina gramu 20 katika kila mililita 100, kwa hiyo ni mililita 33 kwa saa. Huna pampu? Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 11 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya mkononi, usikadirie kwa macho. Chupa ya mililita 250 ukiimaliza kwa saa nne, umempa karibu mara mbili ya kiwango.

Sasa njooni wodi ya watoto njiti, maana huko ndiko ninakoogopa hasa. Mtoto wa kilo 1.2 ameandikiwa gramu 3 kwa kilo kwa siku: mililita 18 za asilimia 20, yaani 0.75 kwa saa. Pembeni yake kuna pampu ya pili, ya glukosi na asidi amino, inayokwenda mililita 5 kwa saa. Pampu zinafanana, ni usiku, namba zinabadilishana. Mtoto sasa anapokea gramu 0.83 za mafuta kwa kilo kwa saa badala ya 0.125. Kosa hili linajulikana duniani kote. Ndiyo maana nasisitiza asiunganishiwe chupa nzima. Vuteni kwenye sirinji kiasi cha saa 12 tu, mililita 9, kisha watu wawili wafuate mrija kwa kidole kutoka sirinji hadi kwa mtoto kabla ya kubonyeza pampu.

Saa 12 hizo zina sababu: mafuta yakining'inizwa peke yake muda mrefu, vijidudu vinastawi humo. Ila zisiwe kisingizio cha kukimbiza. Muda ukiisha, kilichobaki kinamwagwa.

Pimeni trigliseridi. Kwa mtu mzima, zikipita miligramu 400 kwa desilita, punguzeni au simamisheni. Na wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, jamani, msiisahau propofoli! Ile dawa ya usingizi imeyeyushwa kwenye mafuta ya asilimia 10. Ikienda mililita 20 kwa saa, mgonjwa amepata gramu 48 kwa siku kabla hujafungua chupa yako ya lishe.

La mwisho ni kufidia. Dripu ilisimama saa mbili kwa sababu mshipa uliharibika, mwenzako anafungulia haraka ili chati iende sawa. Hapana. Rudisheni kasi ileile ya mwanzo na mwandike kwenye chati kwamba mililita kadhaa hazikuingia.