Kiungo Kina Saa Yake: Mhadhara kuhusu Vikolezo vya Kutengeneza Nyumbani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie vikolezo tunavyoweza kujitengenezea kwa vitu ambavyo tayari vimo kabatini. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitarajia vipimo, na vipimo nitavitoa. Lakini kuna jambo naliona kubwa kuliko vipimo, nalo ni wakati. Ukisaga mapema mno, ukatia siki kabla ya saa yake au ukachelewa kuepua kikaango, ladha haitakuja hata kama ulipima kwa mizani.

Chukueni punje ya giligilani. Ikiwa nzima, mafuta yenye harufu yamo ndani, na ganda linayalinda. Mafuta hayo ni mepesi kuruka hewani, ndiyo maana pua inayapata. Ukisaga, ganda limevunjika, hewa imepata njia, na ile harufu nzuri inayojaa jikoni ni sehemu ya ladha inayokwenda zake. Kiungo kizima kikihifadhiwa vizuri hukaa mwaka na zaidi bila kupoteza nguvu. Unga wake huanza kupooza baada ya miezi michache. Haujaoza wala haudhuru, ila unakuwa umebakiza rangi. Kuujaribu ni rahisi: tia kidogo kiganjani, sugua kwa kidole gumba, kisha nusa. Ikibidi kuvuta pumzi mara ya pili ndipo usikie kitu, usitarajie chochote sufuriani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua punje nzima na kusaga kidogo kidogo, kiasi cha kutumia ndani ya mwezi. Kinu na mchi vinatosha.

Kabla ya kusaga, kaanga bila mafuta, kwa moto mdogo. Hapa watu wengi hukosea kwa kumimina kila kitu kwa pamoja. Bizari nzima ni nyembamba, huiva upesi; giligilani ni mviringo na nene zaidi, huchelewa. Ukisubiri giligilani iive, bizari imeshaungua, na uchungu wa bizari iliyoungua hauondoki kwa sukari wala kwa chumvi. Kaanga kila aina peke yake. Tikisa kikaango muda wote, na mara harufu inapopanda na punje zinapoanza kubadilika rangi, mimina kwenye sahani baridi. Msiziache kikaangoni hata kama mmezima moto, kwa sababu chuma chenye joto kinaendelea kupika. Halafu acheni zipoe kabisa. Zikisagwa na joto lake, mvuke unabaki kwenye unga, na unga unashikana mabonge chupani. Manjano na tangawizi za unga hazipiti kikaangoni, zinaungua papo hapo, changanya mwishoni.

Mchanganyiko wa kuanzia, unaofaa nyama, maharage na mboga, ni huu: giligilani vijiko 4 vya chakula, bizari nzima vijiko 2, pilipili manga kijiko 1, mdalasini kipande cha urefu wa kidole gumba, na karafuu 4. Nimesema 4, tafadhali msiongeze kwa ukarimu. Karafuu hutawala kila kilicho karibu nayo, na ukishaizidisha huna la kufanya ila kuongeza vingine vyote. Chumvi siiweki kwenye mchanganyiko. Ukiitia humo, kila unapotaka harufu zaidi unalazimika kupokea na chumvi zaidi.

Sasa haradali, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu hapo wakati unaonekana kwa macho. Unga mkavu wa haradali hauna ukali wowote. Uweke ulimini: mwanzo hakuna kitu, kisha mate yanapoulowesha, unaanza kuwasha. Ndani ya punje kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali, na kuna kemikali inayoitwa sinigrini, na vimetengana. Kusaga kunavunja kuta, maji yanavikutanisha, na ukali unazaliwa hapo hapo. Unapanda kwa dakika 10 hadi 15, halafu unaanza kushuka wenyewe. Siki inakizuia kimeng'enya. Maji ya moto yanakiua.

Mkishalijua hilo, hamhitaji tena kufuata maelezo ya mtu. Anayetaka haradali kali achukue vijiko 4 vya unga na vijiko 4 vya maji baridi, akoroge, asubiri dakika 10, kisha atie kijiko 1 cha siki na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Siki ikiingia wakati huo, inausimamisha ukali ulipofika. Anayetaka ya upole atie siki tangu mwanzo. Mkiionja siku hiyo hiyo mtaona ina uchungu. Ifunikeni, muiweke kwenye friji siku mbili, uchungu utapungua. Tena mbegu za rangi ya kahawia ndizo zinazopanda puani. Za manjano zinawasha ulimini tu, kwa kuwa kemikali yake ni nyingine.

Kitunguu saumu nacho kina tabia hiyo. Kiponde, kiache dakika kadhaa, ndipo ukitie kwenye moto. Kikiingia motoni kizima, ule ukali haupati nafasi ya kutengenezeka.

Mayonesi nitaipitia haraka: kiini cha yai, haradali kidogo, na mafuta yanayoingia tone kwa tone mpaka mchanganyiko ushike. Haraka ndiyo inayoukata. Yai ni bichi, kwa hiyo ikae kwenye friji na iliwe ndani ya siku chache.

Mafuta ya pilipili ni mepesi kutengeneza. Kinachowasha katika pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri majini, lakini kinayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yanaubeba ukali na kuusambaza. Pasha mafuta, dondosha kipande kimoja cha pilipili kavu. Kikitoa mapovu bila kuwa cheusi, mimina juu ya pilipili iliyobaki. Kikiwa cheusi, ngoja yapoe kidogo.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hili si suala la ladha. Msiloweke kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta mkaacha chupa mezani. Mwaka 1985 huko Vancouver, Canada, watu wengi waliugua sumu ya botulini kwa sababu ya kitunguu saumu kilichowekwa kwenye mafuta bila ubaridi. Bakteria wake anaishi udongoni, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Anataka mahali pasipo na hewa wala uchachu wa kutosha, na mafuta yanampa vyote viwili. Sumu yake haina harufu wala ladha, huwezi kuitambua kwa kuonja. Mkitengeneza, wekeni kwenye friji saa hiyo hiyo, mtumie ndani ya siku 4, kinachobaki mmwage. Hilo linahusu pia majani mabichi na pilipili mbichi zinazolowekwa kwenye mafuta.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye sosi ya nyanya ya kuhifadhi chupani msipunguze siki iliyoandikwa kwenye maelezo ya kuitengeneza kwa kuwa hampendi ukali wake. Nyanya ziko mpakani, nyingine zina uchachu wa kutosha na nyingine hazina. Tumieni siki ya asilimia 5, na kama ni kali mno mdomoni, ongezeni sukari.

Anayetaka mafuta ya kitunguu saumu ya kukaa zaidi atumie vipande vilivyokauka kabisa, maana bila maji bakteria yule hawezi kukua. Nimeleta chupa mbili za giligilani, moja ya leo asubuhi na nyingine ya mwaka jana. Nitazipitisha mnuse, na wakati zinazunguka karibuni maswali.