Kambi za watoto huku Marekani: zamani barua, siku hizi mama anazumu picha

Haya jamani hamjambo huko nyumbani, karibuni tena, leo naongea huku nabandika majina manake Jumapili mwanangu anaripoti kambini, zile kambi ambazo watoto huku wanapelekwa likizo ya kiangazi, na bado sijamaliza hata nusu. Ndiyo, majina, kila soksi, kila chupi, taulo, tochi ya kichwani, chupa ya maji, vyote vina stika ya jina lake kwa sababu kabini moja wanalala watoto kibao na soksi zote nyeupe. Dawa yake ya pumu hairuhusiwi kukaa kwenye begi, naikabidhi kwa nesi mkononi ikiwa kwenye boksi lake la famasi na karatasi ya daktari juu. Simu ndo kabisa, inabaki nyumbani.

Sasa wengi mmeniuliza, dada, unalipaje hela ndefu mtoto akalale porini na mbu wakati sisi likizo tulipelekwa kwa bibi bure? Bibi yake yuko Moshi, mimi niko Connecticut, nimpeleke wapi? Shule zinafungwa Juni zinafunguliwa mwisho wa Agosti, mimi kazini wananitaka kila siku.

Halafu mjue haya mambo ni ya zamani, na inasemekana yalianzia hapa hapa Connecticut. Mwaka 1861 kulikuwa na mwalimu anaitwa Frederick Gunn, vita vya wenyewe kwa wenyewe ndo vimeanza, wavulana wa shuleni kwake na wao wanataka kulala nje kama wanajeshi, basi akawachukua wakatembea kwa miguu mpaka Milford baharini, wakapiga mahema, wakakaa wiki mbili wanavua samaki na kuendesha mashua. Baadaye miji ikajaa viwanda na moshi, watu wakaanza kuona mtoto wa mjini analegea, atolewe akapate hewa. Mwaka 1877 mchungaji mmoja, Willard Parsons, akaanza kuwatoa watoto maskini wa New York kuwapeleka kwa familia za vijijini, na mwaka 1885 YMCA wakaanza kambi ya Camp Dudley ambayo mpaka leo ipo kule ziwa Champlain. Uingereza nako Baden-Powell akawapigisha vijana kambi kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, ndo skauti zikaanzia hapo, na huyo mzee Wakenya mnamjua, kaburi lake liko Nyeri.

Kuna kitu mimi kilinishangaza niliposoma. Polio. Kabla ya chanjo ya mwaka 1955 kiangazi kilikuwa msimu wa hofu, mwaka 1916 New York watoto waliugua na kufa kwa maelfu, kwa hiyo mzazi mwenye uwezo alikuwa anamkimbiza mtoto milimani mbali na msongamano. Yaani kambi ilikuwa starehe lakini pia ilikuwa kumficha mtoto na ugonjwa.

Na walikuwa wanaenda kweli kweli, wiki nane, treni inawabeba Juni inawarudisha Agosti, katikati hapo ni barua tu. Kambi nyingine mtoto haingii kula chakula cha jioni Jumapili mpaka aoneshe barua aliyowaandikia wazazi, hiyo barua ndo tiketi yake ya sahani. Mama anaisoma siku kadhaa baadaye, kama mtoto alilia usiku basi ameshanyamaza zamani.

Siku hizi wiki moja, mbili, wengi hata hawalali huko, ni kambi za kutwa, unamshusha saa tatu asubuhi unamchukua saa tisa, na kazini unatoka saa kumi na moja, sasa hayo masaa mawili ni juu yako. Januari tu watu wanagombania nafasi mtandaoni, zikifunguliwa dakika chache zimeisha. Na kila kitu kina kambi yake, kompyuta walianza tangu 1977 hapa hapa Connecticut, kuna za roboti, mpira, kupika. Ile ninayoipenda mimi ni ya Paul Newman, yule mwigizaji, alifungua mwaka 1988 kule Ashford kwa ajili ya watoto wenye magonjwa makubwa kama kansa, na wazazi hawalipi hata senti.

Lakini kilichobadilika kuliko vyote ni sisi wazazi. Kila jioni kambi inapandisha picha mia kadhaa, basi sisi tumekaa kitandani tunazumu, huyu ni wangu? mbona hacheki? mbona ana fulana ya jana? Mzazi mwenzangu mmoja alipiga simu ofisini kwao saa tatu usiku kisa mtoto kwenye picha kasimama pembeni. Aisee, mtoto alikuwa anafunga kamba za viatu.

Ila wasiwasi mwingine una haki yake. Julai 4, 2025 kule Texas mto Guadalupe ulifurika usiku, kambi ya wasichana ya Camp Mystic iliyokuwepo tangu 1926 ikapoteza watoto na walezi 27. Jimbo likapitisha sheria, kambi yenye kabini kwenye bonde la mafuriko haipewi leseni. Kwa hiyo mimi siku hizi kabla ya kuuliza chakula nauliza mto uko wapi, na usiku king'ora nani anapiga.

Hela sasa. Zile za kitajiri za wiki saba zinapita dola 10,000, mimi huko sigusi. YMCA nyingi unalipa kulingana na kipato, unajaza fomu unaambatanisha karatasi za mshahara, Waswahili wenzangu mlioko huku jazeni hizo fomu acheni aibu, hela ipo. Na vijana mlioko nyumbani mnaoniuliza kuhusu kuja kufanya kazi kwenye hizi kambi, viza yake ni J-1 (Watanzania wamesitishiwa tangu Januari 2026, ulizeni ubalozini kwanza), uwe umetimiza miaka 18, mwisho miezi minne unarudi, na mdhamini wako, yaani shirika linalokuleta, lazima awe kwenye orodha ya serikali ya Marekani, kwa hiyo kabla hujamtumia ajenti yeyote hata shilingi, itafute hiyo orodha kwanza uone kama jina lipo. Haya, soksi bado kumi na nne, tutaonana wiki ijayo.