Papa Anayelala Mchangani

MAZENGO: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mimi Mazengo, niko na dada Mwanahawa hapa Dodoma. Feni tumeizima ili msisikie mvumo, kwa hiyo mkituona kwenye video tunatiririka jasho, mjue sababu. Leo tunamzungumzia papa.

MWANAHAWA: Papa, Dodoma! Kutoka hapa mpaka ufukweni ni zaidi ya kilomita 400.

MAZENGO: Lakini si tunamla? Nenda sokoni Majengo, kule kwenye dagaa na perege wa Mtera, utavikuta vipande vya papa mkavu vimelaliana, chumvi imeganda juu. Kila kipande kinaitwa papa, basi. Nilimuuliza muuzaji, mama, huyu ni papa gani? Akaniambia, "Wa kupika."

MWANAHAWA: Kakujibu vizuri tu! Ulitaka akwambie nini? Kitu kimefika hakina kichwa, hakina mkia, ngozi huioni. Mapezi yalishakatwa hukohuko pwani, yana wanunuzi wake na safari yake ya kwenda Asia. Huku bara tunaletewa nyama.

MAZENGO: Na harufu.

MWANAHAWA: Harufu ina maana yake, bwana. Samaki wengi wa baharini, maji yanawatoka mwilini kwa sababu ya chumvi iliyowazunguka. Papa ana dawa yake: anahifadhi urea nyingi, ile kemikali iliyomo kwenye mkojo, kwenye damu na nyama, chumvi ya nje isimkaushe. Akishakufa, bakteria wanaigeuza hiyo urea kuwa amonia, kemikali yenye harufu kali. Ndiyo maana papa hasubiri. Anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa. Na ndiyo maana sisi kwetu Kilwa humroweka, humchemsha, maji ya kwanza ukamwaga, ndipo utie nazi.

MAZENGO: Huku nazi ghali, tunamtia karanga. Haya, papa ni wengi, na leo tulikubaliana tumshike mmoja. Nani?

MWANAHAWA: Papa pundamilia. Kitaalamu *Stegostoma tigrinum*. Anakaa maji ya kina kifupi, kwenye mchanga karibu na matumbawe, aghalabu hapiti mita 60 kwenda chini. Yuko Bahari ya Shamu, yuko kwetu Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini, na upande ule mpaka Japani na Australia.

MAZENGO: Mimi nimeangalia picha zake, sijaona mistari. Nimeona madoa. Huyo ni chui, si pundamilia.

MWANAHAWA: Umeangalia mkubwa. Anapotoka kwenye yai ana urefu kama wa rula ya shule, mweusimweusi, na mistari myeupe imemkata ubavuni. Akikua mistari inakatikakatika, inageuka madoa ya kahawia juu ya ngozi ya manjano. Mtoto na mama hawafanani hata kidogo, na zamani wataalamu waliwahi kuwaandika kama aina mbili tofauti.

MAZENGO: Sasa kwa nini avae nguo mbili?

MWANAHAWA: Wapo wanaodhani kwamba yule mdogo anajifananisha na nyoka wa baharini wenye mistari, maadui wamuogope. Ni dhana, lakini ukimwona anavyojinyonganyonga akiogelea, inaingia akilini. Maana mkia wake ni karibu nusu ya mwili mzima. Mkubwa anafika kama mita 2 na nusu, na zaidi ya mita moja hapo ni mkia mtupu.

MAZENGO: Na anauma?

MWANAHAWA: Huyu? Mpole mno. Mchana kutwa amelala mchangani. Anajiinua kidogo kwa mapezi ya mbele, anaelekeza uso kule maji yanakotoka, mdomo wazi.

MAZENGO: Ngoja kidogo. Mimi tangu shule nimeambiwa papa akisimama anakufa, lazima aogelee ndio apumue.

MWANAHAWA: Wapo wa hivyo, wale wa maji makuu. Hawa wa chini hapana. Wanavuta maji wenyewe kwa misuli ya mdomo, wanayasukuma kwenye matamvua. Tena wana tundu nyuma ya jicho, kubwa karibu sawa na jicho lenyewe, nalo linaingiza maji hata kama mdomo uko mchangani. Shika jambo hilo, nitalirudia.

MAZENGO: Nimeshika. Anakula nini?

MWANAHAWA: Konokono wa baharini, chaza, kaa, kamba, visamaki. Usiku. Mwili wake unapindika sana, anaingia kwenye mianya ya mawe, anaweka mdomo pale na kufyonza. Puani ana vindevu viwili vifupi vya kupapasia.

MAZENGO: Kama kambale wa Bahi.

MWANAHAWA: Kambale wa Bahi, ila mfupi wa ndevu. Sasa nikupe la mayai, maana hili ndilo linalonifurahisha mimi. Papa wengi huzaa watoto, huyu anataga. Yai lenyewe si la duara. Ni mfuko wa rangi ya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, mgumu kama ukucha, urefu wake kama sentimita 17, na pembeni una vishungi vya nyuzinyuzi. Nyuzi hizo zinanasa kwenye matumbawe, mkondo usilichukue. Mtoto anakaa humo miezi 4 hadi 6, peke yake. Mama keshaenda zake.

MAZENGO: Baba je?

MWANAHAWA: Baba wakati mwingine hata hayupo! Kule Townsville, Australia, kulikuwa na jike wa kufugwa anaitwa Leonie. Alishawahi kuzaa na dume, kisha mwaka 2012 wakatenganishwa. Mwaka 2016 mayai yake yakaangua watoto 3. Wakapimwa vinasaba: vyote vya mama. Dume hakuhusika.

MAZENGO: Sasa dada, hilo likisikika vijiweni, sisi wanaume tutaambiwa nini?

MWANAHAWA: Mtaambiwa mnahitajika! Watoto wa namna ile wanabeba upungufu wote wa mama yao, hakuna damu mpya. Ni njia ya dharura. Na ujue, huyu ana ukoo mkubwa. Papa potwe, yule wa Mafia, ni ndugu yake wa karibu, wako katika oda moja, yaani kundi moja la papa.

MAZENGO: Potwe ninayemjua mimi? Yule wanaoenda watalii Kilindoni?

MWANAHAWA: Huyohuyo. Mmoja anachuja vijidudu juu ya maji, mwingine anafyonza konokono chini. Potwe anafuatwa na wageni wenye kamera. Pundamilia anafuatwa na jarife.

MAZENGO: Watu wa huku hatujui jarife. Tuelezee.

MWANAHAWA: Jarife ni wavu wa macho makubwa, wa kuvulia papa na taa, yule samaki bapa. Linategwa jioni, linatiwa uzito likae chini, kisha mnaliacha mpaka alfajiri. Sasa piga hesabu. Samaki anayelala mchana na kutembea usiku, tena anatembea chinichini, na wavu uko chini usiku kucha. Chambo hakihitajiki. Na jarife halijui limetumwa nini. Likiwekwa maji makuu zaidi linaleta maajabu: silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini alishatoweka mpaka akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938, kwetu alianza kupatikana Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kisha Tanga akaanza kunasa kwenye majarife ya papa, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo asili ya hifadhi ya bahari ya silikanti kule Tanga, iliyotangazwa 2009.

MAZENGO: Kwa hiyo mvuvi hamtafuti huyu pundamilia hasa.

MWANAHAWA: Hamtafuti, lakini akinasa hamrudishi. Nyama inauzika, pezi linauzika hata kama si la bei ya juu. Ini lilikuwa likichemshwa kutoa sifa, mafuta ya kupaka vyombo vya mbao, ukichanganya na chokaa ndiyo deheni ya chini ya jahazi. Hakuna kinachotupwa. Ila sasa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, linamhesabu kati ya wanaokabiliwa na hatari kubwa ya kutoweka. Raja Ampat, Indonesia, walikuwa karibu wamekwisha kabisa, mpaka yakaletwa mayai kwa ndege kutoka kwenye matangi ya Australia, yakaanguliwa palepale visiwani. Watoto wa kwanza waliachiwa baharini Januari 2023.

MAZENGO: Kusafirisha mayai ya papa kwa ndege! Gharama yake ingejenga soko.

MWANAHAWA: Ndiyo maana ni afadhali kuwaokoa waliopo, na ndiyo maana nilikwambia ushike lile la kupumua. Papa anayelazimika kuogelea, akinasa usiku, asubuhi unamkuta maiti. Huyu anaweza kulala ndani ya wavu akaendelea kuvuta maji. Mara nyingi anapandishwa hai. Ukilikata jicho la wavu ukamtoa, anaondoka.

MAZENGO: Jicho la wavu unalikata wewe?

MWANAHAWA: Wanasema...

MAZENGO: Hapana, dada, hapo nakupinga. Mvuvi kaamka saa tisa usiku, kanunua mafuta, wavu ni wa tajiri wake. Kavuta kilo hamsini za papa. Umwambie amwachie, tena akate na wavu?

MWANAHAWA: Sijasema ni rahisi. Nasema kwa papa huyu inawezekana, kwa papa wengine hata ukitaka huwezi. Serikali, yenye wizara ya uvuvi hapahapa Mtumba, inaweza kuweka utaratibu: macho ya wavu, maeneo ya kutotega, fidia.

MAZENGO: Fidia ndiyo neno. Bila hiyo hakuna anayekata.

MWANAHAWA: Na nani alipe? Mtalii halipi kumwona samaki aliyelala. Mlaji wa Dodoma hajui hata kama amemla.

MAZENGO: Mimi kama mlaji, niko tayari kuongeza kidogo kwenye kilo, ila nijue ninalipia nini.

MWANAHAWA: Basi lazima yule mama wa Majengo naye aambiwe ni papa gani, na aliyemuuzia aambiwe na wa pwani, mpaka kwenye chombo.

MAZENGO: Hapo sasa tunahitaji mtu wa wizara kwenye kiti hiki. Tumuite?

MWANAHAWA: Tumuite. Na feni iwe imewashwa.