Kutoka wa 333 hadi wa 18: binti Mboko na swali la mpwa wangu

Haya wana Kusini, mko salama? Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, na nyie wa Kilwa mnaojidai mko karibu na Dar, nawasalimu wote. Shikamooni wakubwa. Huku Toronto baridi imeshaingia, ndiyo maana mnaniona na kofia ndani ya nyumba. Leo siongelei makaratasi ya uhamiaji wala kodi ya nyumba. Leo ni tenisi.

Najua kuna mtu kashaanza kutafuta video nyingine. Tulia kwanza, mjomba. Namungo haichezi usiku huu.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapo Mtwara. Kanitumia sauti WhatsApp, anauliza: "Mjomba, mtu wa 85 duniani anachukuaje kombe mbele ya wakubwa wote wale?" Anamsema Victoria Mboko, yule Mkanada aliyechukua kombe la Montreal. Wazazi wake Wakongo, walihama kutoka Kongo DRC. Yeye kazaliwa Charlotte, Marekani, Agosti 2006, kakulia huku Toronto na Burlington. Ule usiku wa kuamkia Nane Nane mwaka 2025, wakati nyie mnapiga pasi nguo za kwendea Ngongo, huku ilikuwa bado jioni ya tarehe 7, na yeye alikuwa Montreal anacheza fainali na Naomi Osaka. Umri wake miaka 18. Seti ya kwanza kafungwa 2–6, nikasema basi, yameisha. Akarudi 6–4, halafu 6–1. Ile seti ya mwisho Osaka alionekana kama anataka kwenda zake nyumbani.

Na hiyo fainali wala siyo mechi ninayoipenda zaidi. Ninayoipenda ni ya nusu fainali, na Elena Rybakina. Seti ya kwanza kapigwa 1–6. Seti ya tatu kaanguka, kaangukia mkono, kifundo kikaanza kumuuma, anakishikashika kila pointi ikiisha. Rybakina akafika mahali amebakiza pointi moja tu amalize mechi. Moja! Mtoto akaikomboa, wakaenda taibreki, yaani mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana, akashinda 7–4. Kabla ya hapo alishawatoa Sofia Kenin na Coco Gauff. Kwa hiyo hesabu na Osaka: wanawake wanne, wote wamewahi kubeba taji la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote, kama Wimbledon. Kawatoa wote katika mashindano mamoja. Gauff alimpiga 6–1, 6–4, wakati Mei ya mwaka huohuo, Roma, ni Gauff aliyemgeuzia mechi baada ya Mboko kuchukua seti ya kwanza.

Sasa mpwa wangu, turudi kwenye swali lako. Wewe unafikiria ligi, timu inapanda daraja na inashuka. Ndanda ilipanda, tukaimba, ikashuka, tukanyamaza. Tenisi haina daraja la namna hiyo. Kila mchezaji ana namba yake, na namba inatokana na pointi alizokusanya ndani ya wiki 52 zilizopita. Ukishinda Grand Slam unapata 2,000. Montreal ilikuwa ya pointi 1,000. Chini huko kuna mashindano madogo, yanaitwa W15, W35, W75, na ukishinda W35 unapewa pointi 35. Piga hesabu mwenyewe: unahitaji karibu mataji 29 ya W35 ili ufikie Montreal moja. Na wiki 52 zikitimia, pointi zinakutoka. Hakuna wa kukuonea huruma. Ni kama korosho tu, mzigo wa msimu uliopita ulishalipwa na hela ikaliwa. Msimu huu chama kinataka kuona gunia jipya kwenye mzani.

Ndiyo maana namba 85 ilidanganya. Mboko alianza mwaka 2025 akiwa wa 333. Wa mia tatu thelathini na tatu! Akaanza na hivyo vidogo, visiwani kule Martinique na Guadeloupe, akashinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Hakuna aliyekuwa akimtazama, labda mama yake. Mei akaenda Paris, Roland Garros, akapitia mechi tatu za mchujo kwanza, kisha akafika raundi ya tatu. Wimbledon alitolewa kwenye mchujo, lakini kuna mtu akajitoa, akaingizwa kujaza nafasi, akashinda mechi. Alipofika Montreal namba ilikuwa bado inamkimbilia kwa nyuma. Baada ya wiki ile akawa wa 24.

Ila kuna kitu ambacho hapa Canada hawapendi kukisema kwa sauti. Montreal aliingia kwa kadi ya mwaliko. Wenyeji wa mashindano wana nafasi chache za kugawa, na kwa kawaida wanawapa watoto wao. Mimi siwalaumu, hata sisi tungefanya hivyo. Mechi kashinda mwenyewe, hilo halina ubishi. Lakini hebu angalia ramani uone mashindano makubwa yako wapi, ndipo utajua kadi hizo zinaishia mikononi mwa nani.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana wawili wawili, upande wa vijana. Huku Mboko na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Kule Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi. Okutoyi, Mkenya! Huyu wa hapahapa jirani, aliyelelewa na bibi yake, na bibi alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye shule moja Nairobi. Matokeo? 3–6, 6–4, halafu 11–9 kwenye taibreki ndefu ya kuamua. Kashinda Okutoyi. Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam.

Miaka mitatu baadaye mmoja anaitwa bingwa wa Montreal. Mwenzake kaenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na katikati ya hapo kachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra mwaka 2024. Mtu asiniambie Okutoyi kashindwa. Njia ya chuo ni ya akili, unapata kocha, viwanja, chakula na digrii. Ninachosema ni kwamba siku ile 2022 kati ya hao wawili kulikuwa na pointi mbili tu, na aliyekuwa mbele ni wa kwetu. Kilichofuata hakikuamuliwa na mkono tu. Pointi lazima uzifuate zilipo, wiki baada ya wiki, na kila wiki ina tiketi, viza, hoteli, kocha. Nairobi imewahi kuandaa W35, vizuri sana, lakini mtoto wa Mtwara ana kilomita kama 560 za basi kabla hata hajafika Dar, na Nairobi bado iko mbele. Na hela ya maana inaanzia pale juu, karibu na mia ya kwanza: Wimbledon 2025, ukipoteza mechi yako ya kwanza kabisa, ulikuwa unaondoka na pauni 66,000. Kwa kupoteza, jamani! Wa 333 hajui hata rangi yake.

Basi msidhani baada ya Montreal ilikuwa mteremko. Michuano ya wazi ya Marekani alitolewa raundi ya kwanza na Barbora Krejčíková. Watu huku wakaanza kunong'ona kwamba alibahatisha. Novemba akabeba taji Hong Kong, akapanda hadi wa 18, wakanyamaza.

Kwa hiyo mpwa wangu, kama unataka kumfuatilia, weka alama kwenye Agosti 2026. Wiki ya Canada ikirudi, zile pointi 1,000 zinamtoka, na atatakiwa azitafute upya. Safari hii wanawake wanacheza hapahapa Toronto, wanabadilishana mji na wanaume kila mwaka. Mimi nitanunua tiketi ya siku za mchujo, zile za bei rahisi, niwaonyeshe hao wa 150 na wa 200 wanavyotoka jasho mbele ya viti vitupu. Mwambie mama yako nimeona meseji yake ya ada, nampigia kesho nikitoka kazini.