Shahidi, Kamera na Hukumu ya Kifo

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimemalizika, ahsanteni kwa kuja.

Kabla hatujazima taa nianze na Wete. Nilipokuwa mdogo, karafuu za jirani yetu ziliibiwa usiku zikiwa bado majamvini. Mjomba wangu alisema kamwona mwizi akipita na polo begani. Uso hakuuona sawasawa, lakini kofia kaijua na mwendo kaujua. Akamtaja mtu, akala kiapo, yule mtu akafungwa miezi sita. Mwaka uliofuata mwizi mwenyewe akajulikana, mtu mwengine kabisa. Mjomba hakuwa mwongo, alikosea tu. Alinunua halua, akenda akabisha hodi kwa yule bwana, akakaa barazani kwake tangu laasiri mpaka magharibi akiomba radhi. Ile halua niliibeba mimi.

Filamu ya leo inaitwa The Thin Blue Line, ya Mmarekani Errol Morris, ya mwaka 1988. Usiku mmoja wa Novemba 1976, mjini Dallas, polisi Robert Wood alisimamisha gari lililokuwa likienda bila ya taa za mbele. Dereva akampiga risasi akafa. Alikamatwa kijana wa miaka 16, David Harris, ambaye alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba kaua polisi. Alipohojiwa akageuza: aliyeua ni Randall Dale Adams, mtu ambaye Harris alimpa lifti siku ile ile alipomkuta kaishiwa mafuta njiani. Kwa umri wake, Harris hakuweza kuhukumiwa kifo Texas. Adams aliweza, na 1977 akahukumiwa. Mwaka 1979, zikiwa zimebaki siku tatu auawe, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani akasimamisha. Baadaye adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Morris hata hakumfuata Adams. Alikwenda Dallas kwa ajili ya daktari wa akili aliyekuwa akiitwa kila mara mahakamani kusema kwamba mshitakiwa akiachwa hai ataua tena. Katika kuwahoji waliohukumiwa kwa maneno ya daktari huyo, akamkuta Adams.

Vijana mnaojifunza kamera, muangalieni anavyosikiliza. Hamkatizi mtu. Anamwacha aseme amalize, kisha anazidi kumwacha, na mtu akiachiwa nafasi hufika hata kwenye lile ambalo wakili hakumuuliza. Yumo mama mmoja aliyepita pale na gari usiku ule, na mahakamani alisema muuaji ni Adams. Mbele ya kamera, bila ya kubanwa na mtu, anasimulia kwamba kwenye gwaride la utambulisho alichagua mtu mwengine, na polisi akamwambia ni yupi hasa. Mwangalieni uso wake pale. Hajui kama ametoa kitu kizito.

Tukio lenyewe Morris analiigiza mara nyingi, kila mara kwa maneno ya shahidi tofauti. Mtaona kikombe cha milkisheki kikiruka hewani na kumwagika chini. Wako waliosema igizo halina nafasi katika filamu ya makala. Mimi siafikiani nao, kwa sababu haoneshi kilichotokea. Anaonesha kila mmoja alivyodai, na madai hayo hayakutani.

Machi 1989 Adams alitoka, baada ya miaka zaidi ya 12. Jimbo halikumlipa fidia. Halafu Adams akamshitaki Morris juu ya haki ya kisa chake mwenyewe, ikabidi wamalizane kwa mapatano. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kamera, andikianeni mkataba.

Najua suali litakalokuja: Qur-ani inataja kisasi. Ndiyo, na hapo hapo inamfungulia ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe. Na wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba adhabu za hudud, zile zilizopangwa na sheria ya Kiislamu yenyewe, huepushwa pakiwa na shaka. Mimi si sheikh, naishia hapo. Lakini nchi yetu ina hukumu ya kifo vitabuni mpaka leo, ingawa mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1994. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu hiyo bila ya kumwachia nafasi ya kupima kunavunja haki ya kuishi. Na wazee wa hapa Unguja na wa Pemba wanazikumbuka mahakama za wananchi za baada ya Mapinduzi, ambapo mshitakiwa alisimama bila ya wakili. Wengi wenu hapa hamjawahi kuulizwa mliona nini siku zile. Vijana, nendeni mkawaulize wakiwa hai.

Zile siku tatu za Adams zingepita, ile halua ingepelekwa mlango gani?

Mwisho wa filamu mtasikia sauti ya Harris, picha yake hamtaiona. Siku ya mahojiano hayo ya mwisho kamera iliharibika, ikabaki kinasa sauti. Mtaona kaseti inazunguka tu, na sauti ya mtu mtulivu. Anayosema sitawaambia. Bwana wa mitambo, tafadhali, zima taa.